Upinde Mfupi, Upinde Mrefu

Westby, Wisconsin
9 Machi

Mwanangu Maren,

Pokea salamu zetu kutoka kwenye theluji. Mimi mzima, Mama yako mkubwa Berit mzima, ingawa nyonga inamkumbusha kila asubuhi kwamba ana miaka sitini na sita. Juzi baba yako alikuja tukala naye samaki wa Ijumaa kanisani. Mdogo wangu yule amenenepa na hataki kukubali, anasema mashine ya kufulia ndiyo inayobana suruali. Tangu niache kuendesha lori la maziwa sijui siku zangu zinaishia wapi. Naamka, nanywa kahawa, mara jioni.

Nakuandikia kwa sababu simu yako inashika ukipanda kilimani tu, na sikio langu la kushoto lilistaafu kabla yangu.

Nina swali dogo. Wiki iliyopita nilikuwa duka la pinde hapa mjini. Dewey, yule muuzaji mwenye ndevu nyekundu, akaniambia upinde mrefu kama wangu siku hizi ni wa kuwekwa makumbusho. Wangu una inchi arobaini na moja kutoka puli ya juu, kile kigurudumu kinachozungusha kamba, hadi puli ya chini. Akanishikisha mmoja wa inchi ishirini na nane. Nikamwambia, "Dewey, huu ni upinde au ni hanga ya koti?" Alicheka, lakini hakuutoa mkononi mwangu.

Wewe umewinda na ule mfupi wako miaka sita huko milimani. Niambie bila kunionea haya: mtu akianza leo, anunue mfupi au mrefu? Tuseme ni mtu wa mikono mifupi, asiye na nguvu nyingi mabegani. Atakuwa anakaa chini, ndani ya hema la kuvizia. Kupanda mtini kwenye ulingo hatapanda.

Ni swali tu.

Baba yako mkubwa,
Orval


Twin Bridges, Montana
2 Aprili

Shikamoo Baba mkubwa,

Barua yako ilinikuta mgongo umekufa. Majira ya kuchipua yakianza, kila mwenye farasi katika bonde hili anakumbuka siku moja kwamba farasi wake anahitaji viatu. Jana nimevisha tisa. Wa tisa aliniegemea kama mlevi, nikamwambia tukitaka kulala tutafute kitanda. Vinginevyo sijambo. Mto umeanza kupanda, na jirani yangu amenipa nusu kondoo kwa sababu nilimtibia punda kwato. Mwambie Baba nimesikia habari za suruali.

Sasa swali lako. Upinde mfupi ni mwepesi, na ndani ya hema unageuka nao bila kugonga paa wala nguzo. Ubaya wake ni kwamba hauna subira. Mkono ukitetemeka kidogo, mshale unakwenda kando. Tena mtu mrefu akiuvuta, kamba inapinda kwa pembe kali mpaka inamkaa vibaya puani. Mrefu umetulia, unakusamehe makosa madogo, lakini ndani ya hema ni kama kuingiza ngazi jikoni. Kwa mtu wa mikono mifupi, anayekaa chini, mimi ningesema mfupi. Mikono mifupi haivuti kamba mbali, kwa hiyo ile pembe kali haimsumbui. Aanze na ratili chache za kuvuta kamba, arobaini zinamtosha.

Nami nina swali. Wewe mikono yako inafika juu ya kabati bila kiti. Huyo mwenye mikono mifupi ni nani?

La pili. Mama aliniambia kwamba tangu Novemba hukuingia msituni tena, na upinde umeutundika kwenye kibanda cha maziwa. Hujawahi kukosa msimu tangu nizaliwe. Ni bega?

Wako,
Maren


Westby
27 Mei

Mwanangu Maren,

Nisamehe kwa kuchelewa. Tulikuwa tunapanda mahindi, halafu trekta likagoma, halafu mtu wa kulitengeneza akagoma. Nyasi za kwanza zimekatwa. Gaylord Amundson, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, amepata mjukuu wa kiume na sasa anampigia kila mtu simu kueleza uzito wake.

Mwenye mikono mifupi ni Mama yako mkubwa.

Ilianza Februari, mezani, tukila mayai. Aliweka uma chini akasema, "Orval, miaka arobaini na mmoja nakata nyama ya mnyama ambaye sijamwona akitembea. Mwaka huu nataka nimpige mwenyewe." Nikadhani ni mzaha. Nikasema, "Sawa, na mimi nitasuka sweta." Akasema, "Sufu iko kwenye kikapu." Basi nikajua si mzaha.

Nilimpeleka kwa Dewey na barua yako mfukoni, ila sikumsomea, kwa maana nilikuwa bado nataka achukue mrefu. Nilimwambia mrefu unasamehe. Yeye akasema, "Nimeishi na wewe, msamaha najua unavyopatikana." Dewey alijificha nyuma ya kaunta akijifanya anatafuta mishale. Berit akajaribu pinde zote mbili, mrefu na mfupi, mishale mitatu kwa kila mmoja, hatua kumi na tano. Ule mrefu aliubeba kama mtu aliyeshika mlango. Mshale mmoja ulipiga shabaha, mmoja ukapiga ukuta, wa tatu hatujauona mpaka leo. Kisha akashika mfupi, inchi thelathini, ratili thelathini na nane. Mishale mitatu ikakaa pamoja, ungeifunika kwa kisahani cha kahawa.

Alinitazama tu. Nilitazamwa hivyo siku nzima, na kesho yake.

Sasa kila jioni baada ya kula anatoka na kiti kidogo cha kukamulia, anakaa, anampiga kulungu wa sponji niliyemsimamisha nyuma ya ghala. Kulungu huyo hana sikio tena. Vyombo naosha mimi, kwa sababu tuliwekeana dau pale dukani nikashindwa.

Bega langu ni zima.

Baba yako mkubwa,
Orval


Twin Bridges
11 Julai

Shikamoo Baba mkubwa, shikamoo Mama mkubwa, najua naye anasoma,

Nilisoma barua yenu nimekaa kwenye lori langu nje ya posta, na mama mmoja akagonga kioo kuuliza kama naumwa. Nilikuwa nacheka mpaka machozi. Mama mkubwa, endelea kukaa kwenye kiti hicho hicho unapofanya mazoezi, kwa sababu hemani utakaa. Vaa koti utakalovaa Oktoba, mikono ya koti hushika kamba. Na hatua ishirini usizivuke. Anayekuambia thelathini, mwambie aende yeye.

Huku joto, moshi wa msitu unaoungua mbali, farasi wana nzi na hasira. Mmoja alinikanyaga mguu, nimepoteza ukucha. Siombi pole. Nawaambieni ili mjue mwandiko huu mbaya ni wa mguu, si wa pombe.

Baba mkubwa, swali langu la Novemba umeliruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Sitaliuliza tena. Badala yake nitakueleza langu, ambalo sijamweleza mtu.

Unadhani bado ninao ule upinde mfupi. Sinao. Miaka miwili iliyopita, Septemba, nilimpiga elki, yule kulungu mkubwa wa huku kwetu, dume kubwa kama ng'ombe wako wa maziwa, mbele yangu waziwazi kwenye uwanda wa vichaka. Upepo ulikuwa wa ubavu. Nilijua ulikuwa wa ubavu, na nilijua hatua zilikuwa nyingi, lakini nilikuwa nimemfuata siku sita na nilimtaka. Mshale ulimpata nyuma ya mbavu. Nilimtafuta siku tatu. Nililala kule kule bila hema. Sikumpata. Niliporudi, wiki ile ile, niliuza upinde na kununua mrefu wa inchi thelathini na nane, nikawa namwambia kila mtu kwamba mfupi hautulii kwenye upepo.

Ni kweli hautulii. Lakini upinde haukukosea. Nilikosea mimi, kwa haraka.

Mwaka uliofuata nilikwenda tena. Siku ya kwanza mikono ilitetemeka, ya pili ikatulia.

Nawapenda,
Maren


Westby
3 Septemba

Mwanangu,

Barua yako nilikaa nayo wiki tano. Kila nikichukua kalamu, naona kuna uzio wa kutengeneza. Uzio sasa ni mzuri kuliko wa serikali.

Tarehe saba Novemba nilikuwa juu ya ulingo, kwenye mwaloni wa ukingo wa juu. Dume wa kulungu alitoka dakika za mwisho za mwanga. Sikuona vizuri alivyosimama, nikajiambia naona. Mshale niliupata, na uchafu uliokuwa juu yake ukaniambia nimepiga tumbo. Nilifuata damu mpaka kijitoni, ikaishia hapo. Kesho yake mvua. Siku tisa baadaye Gaylord aliona kunguru, akamkuta upande wake wa kijito. Mbweha walikuwa wameshamla. Gaylord akaniuliza, "Orval, unajua nani kamjeruhi huyu?" Nikasema sijui. Nimemjua Gaylord tangu tuna miaka sita, na nikasema sijui.

Ndiyo hiyo Novemba yangu.

Jana nilimweleza Berit. Alikuwa anamenya viazi, nikamsomea barua yako yote, halafu nikamwambia yangu. Hakuacha kumenya. Akasema, "Ulileta mshale ukauosha mara tatu kwenye sinki langu. Ulifikiri nadhani unaosha kijiko?"

"Ulijua?"

"Nilijua. Nilikuwa nasubiri uchoke kukaa kimya."

Nikamuuliza kama ndiyo sababu alitaka upinde, ili anirudishe msituni. Akaninyooshea kisu cha viazi kifuani. "Usijipe ukubwa. Nilitaka kulungu. Wewe ulikuwa unakaa dirishani tu kama paka, nikaona bora ufae kitu."

Maren, sijui lipi ni la kweli kati ya hayo, na sidhani atasema. Lakini nilicheka. Tukala viazi.

Jioni nilivuka kijito kwa Gaylord. Nilimwambia. Akasema yeye alimjeruhi mmoja akampoteza mwaka wa themanini na tisa na hajamwambia mtu hata leo. Kisha akanionyesha picha za mjukuu, zote.

Msimu unafunguliwa wiki mbili zijazo. Berit atakaa hemani, mimi nitakaa kando yake bila upinde. Hayo ndiyo masharti yake.

Orval


Twin Bridges
6 Oktoba

Baba mkubwa mpendwa, shikamoo,

Barua yako niliisoma mara nne na ninaiweka.

Nimerudi wiki iliyopita kutoka milimani baada ya siku tisa. Nimepungua, bado nanuka, nina furaha. Nyama sina. Siku ya saba, asubuhi na mapema, baridi ya kukata masikio, niliegemeza upinde wangu mrefu kwenye msonobari, nikaenda hatua kumi pembeni kujisaidia. Nimechuchumaa, suruali magotini, nasikia matawi yanavunjika. Dume la elki likatoka kwenye ukungu, likasimama kati yangu na upinde. Pembe kama mti uliopukutika. Lilinitazama, nami nikalitazama. Tulikaa hivyo pengine dakika nzima. Halafu likapiga chafya na kwenda zake.

Upinde uwe mfupi au mrefu, ukiwa upande wa pili wa elki urefu wake haukusaidii kitu.

Niliwasimulia wenye farasi wote niliokutana nao tangu niteremke. Sasa bonde zima linaniuliza kama nimeshamaliza haja.

Niandikie haraka habari za Mama mkubwa. Nimekuwa nikienda posta kila siku, hata Jumapili, na Jumapili imefungwa.

Maren


Westby
4 Novemba

Mwanangu Maren,

Barua yako Berit aliisoma kwa sauti kwenye kahawa ya kanisani baada ya ibada. Mchungaji alilazimika kutoka nje. Nilimwambia Berit hukuruhusu. Akasema hukukataza.

Mahindi yamevunwa, mimi mzima, yeye mzima. Sasa keti, nikueleze vizuri.

Siku ya kwanza hatukuona kitu ila bata mzinga kumi na wanne waliotembea mbele ya hema kama wanakwenda mkutanoni. Siku ya pili alitoka kulungu jike, hatua thelathini na kitu. Berit akavuta. Nilimwona amevuta vizuri, begani, kidevuni, kila kitu. Nikasubiri. Halafu akairudisha kamba polepole, akaniambia sikioni, lile zima, "Mbali." Nilikuwa karibu kusema kwamba angeweza. Nikaumeza ulimi.

Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi ya kumi na tisa Oktoba, mawingu, hakuna upepo, majani ya mwaloni yanaanguka moja moja. Saa mbili na nusu asubuhi jike mkubwa alitoka kwenye mahindi akasimama hatua kumi na saba, ubavu wote wazi, anatafuna. Mimi nilijikuta nakunja vidole kama nimeshika kamba, na sikuwa na hata mshale. Berit aliuinua ule upinde wake mfupi, akavuta akiwa amekaa kwenye kiti cha kukamulia, na hakuna kilichogusa kitambaa cha hema. Sikusikia chochote ila mlio kama mtu amefunga kitabu. Kulungu alikimbia, tukamwona akianguka kabla ya uzio. Hatua sitini, nilizihesabu baadaye.

Niligeuka kumpongeza. Akainua kidole. "Usiseme kitu, Orval." Halafu akalia kidogo, mikono yake ikiwa juu ya upinde magotini. Niliangalia majani. Baada ya muda alifuta pua kwa glavu akasema, "Ni mzuri sana. Sikujua kama ni mzuri hivi wakitembea." Kisha akainuka akamwendea kulungu wake, akapiga magoti, akaweka mkono shingoni mwa mnyama. Mimi nilibaki nyuma. Ilikuwa yao wawili.

Nikatoa kisu changu nimsaidie kupasua. Alinitazama kana kwamba nimejitolea kumfundisha kupika mayai. Alimaliza kabla sijakunja mikono ya shati. Miaka arobaini na mmoja, Maren. Nilipokuwa naleta wanyama nyumbani nikijisifu, fundi alikuwa jikoni.

Gaylord alikuja na trekta kutuvutia. Akapeana mkono na Berit, akavua na kofia. Mimi hajawahi kunivulia kofia. Tumekupakia soseji na nyama iliyokaushwa, zitakuja na baba yako Krismasi, kama hatazila njiani.

Sasa langu. Jumanne iliyopita Berit aliutoa upinde wangu kwenye kibanda cha maziwa, akaufuta vumbi, akauweka mezani nilipozoea kuweka gazeti. Nikala mayai yangu nikiutazama. Dewey aliubadilishia kamba na kupunguza ratili. Aliniuliza kama sasa nataka mfupi kama wa bibi. Nilijaribu mmoja, kumfurahisha. Kamba ilinikaa juu ya pua kama miwani mibovu. Nikamwambia, "Wa makumbusho unanitosha."

Jana alasiri nilikwenda peke yangu. Ulingoni sikupanda, nilikaa chini, mgongo kwenye mwaloni ulioanguka, mahali upinde mrefu una nafasi yake. Mikono ilitetemeka saa nzima ya kwanza. Halafu nikawa nasikiliza kindi wakigombana, nikasahau kuitazama.

Dume alikuja jua likiwa limeshashuka nyuma ya ukingo. Pembe zenye ncha nane, shingo nene. Akasimama hatua ishirini na mbili, nyuma ya matawi, akasogea, akatoka kwenye matawi. Nikavuta. Bega halikulalamika na upinde ulitulia kama ulivyotulia siku zote. Nilitafuta mstari wa nyuma ya mguu wake wa mbele, penye moyo. Niliuona, halafu sikuuona, halafu nikaona ninachodhani ndicho. Mwanga ulikuwa umekwisha, kasoro kidogo.

Nilirudisha kamba. Polepole, mpaka mwisho, wala hakunisikia. Alikula mbegu za mwaloni pale mbele yangu muda mrefu. Nilimsikia anatafuna. Nilisubiri mpaka aondoke mwenyewe, ili nisimfukuze, ndipo nikainuka na magoti yangu yakipiga kelele, nikateremka nyumbani nikiimba. Ule wimbo wa mavuno wa kanisani, beti zote, na sehemu ya akina mama pia.

Berit alikuwa amesimama mlangoni, taa nyuma yake.

"Umepiga?"

"Hapana."

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

Kisha akaupokea upinde mkononi mwangu.

"Basi vua viatu. Supu iko mezani."

Baba yako mkubwa anayekupenda,
Orval